Uthamini, Ukadiriaji Majenzi au Fedha: ipi inamfaa anayetaka kuendeleza milki hapa Mtwara?

Mwana wa Naliendele

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa nataka linikute nimeshaamua. Ninachotaka ni kupata ardhi, kuipima, kujenga nyumba nyingi kwa mpango, kisha kupangisha au kuuza. Na nataka kuifanya kazi hiyo hapahapa kwetu, siyo Dar.

Nimebakiwa na njia tatu. Kuna Usimamizi wa Ardhi na Uthamini, yaani kujua thamani ya ardhi na majengo, Chuo Kikuu Ardhi kule Dar. Kuna Ukadiriaji Majenzi, yaani kupiga hesabu ya gharama za ujenzi, hapohapo Ardhi. Ya tatu ni uhasibu au fedha pale TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), kampasi ya Mtwara, nikilala nyumbani. Mama anaipenda hiyo ya mwisho. Baba ana shamba la mikorosho Naliendele, mji unalisogelea kila mwaka, na anasema hilo ndilo litakuwa mtaji wangu. Uhandisi ujenzi nimeuacha kwa sababu sina fizikia. Naomba mliopo kazini mnilinganishie.

Mkadiriaji Kusini

Marahaba mdogo wangu. Mimi nasema Ukadiriaji Majenzi, na sababu yangu ni kwamba pesa ya mwendelezaji hupotelea saiti. Mtu anaanza jengo bila BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na gharama zake, fundi anamwambia "tutaenda hivyohivyo", wakifika kwenye lenta fedha imekwisha. Pita mitaa ya pembeni ya mji uhesabu mapagala. Mengi hayakukosa kiwanja wala ramani, yalikosa mtu wa kusema mapema gharama itafika wapi.

Huku kwetu hesabu hiyo ina mambo yake. Kiwanda cha Dangote kimeanza uzalishaji hapa tangu 2015, kwa hiyo saruji iko mlangoni, lakini nondo, vigae, vifaa vya umeme na vya choo vingi vinashuka na malori kutoka Dar, na nauli yake lazima uiweke. Halafu kuna mchanga wa ufukweni. Ni rahisi kuupata, na chumvi yake inakula nondo ndani ya zege. Miaka inapita unaona nguzo inapasuka na kutema kutu. Asiyejua vifaa atafurahia unafuu wa leo, gharama imfuate baadaye. Ukimaliza shahada unafanya kazi chini ya wazoefu, kisha unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kazi ya kuajiriwa au kujiajiri haikosekani ukijipanga.

Dada Mthamini, Lindi

Nimemsoma kaka hapo juu na kuhusu mchanga yuko sahihi kabisa. Ila BOQ inakuambia jengo litakugharimu kiasi gani. Haikuambii kama lilistahili kujengwa. Mwendelezaji anaanzia kwenye swali hilo la pili, na hapo ndipo uthamini ulipo.

Chukua mfano wa kubuni. Nyumba inakula shilingi milioni 60 pamoja na kiwanja. Unaipangisha kwa 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 2.4, yaani asilimia 4 ya ulichoweka, na hapo mpangaji hajahama hata siku moja, hujapaka rangi, hujalipa kodi ya serikali. Sasa kama ulijenga kwa mkopo wenye riba ya asilimia 15, kila mwaka riba peke yake ni milioni 9. Nyumba hiyo inakumaliza huku inapendeza machoni. Hesabu hii ni ya darasa la saba, lakini watu wazima wanaikwepa kwa sababu wameshaipenda nyumba.

Wengi humu mnaikumbuka Mtwara ya habari za gesi, kabla na baada ya vurugu za 2013 za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar. Viwanja vilipanda, kila mwenye nafasi akawaza gesti na nyumba za wageni wa makampuni. Bomba lilikamilika 2015, gesi ikaenda zake Dar, na wapangaji wale waliotarajiwa hawakuja kwa wingi uliosemwa. Lindi nako tumengoja mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o kwa miaka. Bei ya kiwanja ikipanda kwa tetesi, ni lazima awepo mtu wa kuuliza: nani atapanga, ana mshahara gani, na atakaa muda gani?

Halafu sheria. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, sisi tunamilikishwa tu, na hati ya mjini huwa ya miaka 33, 66 au 99. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, na ya mjini ina yake, Namba 4 ya mwaka huohuo. Ukitaka kujenga ghorofa na kuuza kila fleti kwa mtu wake, kuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Haya yote yanafundishwa kwenye Usimamizi wa Ardhi na Uthamini. Na ukingali mdogo, utapata kazi za kukulisha: tathmini za benki kwa ajili ya mikopo, fidia za barabara na miradi, mirathi.

Baba wa Shangani

Mimi sina shahada, nina nyumba za kupangisha. Msiidharau TIA. Mwenye kusoma hapa analijua soko wakati anasoma. Anajua kwamba fedha ya korosho inaingia kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, kwamba wakati huo ndipo watu wanalipa kodi ya nyumba ya miezi sita bila kusukumwa na mafundi wanapanda bei. Anajua walimu, manesi na wanachuo wanapenda kukaa wapi. Hilo Dar hawatamfundisha. Na kodi ya chumba cha Dar kwa miaka yote ya chuo ni tofali nyingi sana.

Mpima

Naomba nirudi kwenye shamba, naona wote mmelipita. Mdogo wangu, shamba la mikorosho bado si viwanja. Linahitaji mchoro wa mipango miji uliopitishwa, kisha upimaji wa mpima aliyesajiliwa, mawe ya mipaka yawekwe, ramani iidhinishwe, ndipo mzungumzie hati. Na sehemu ya ardhi itakwenda kwenye barabara na maeneo ya wazi. Wengi wanapiga hesabu ya ekari zote kana kwamba zitauzika zote.

La pili, hilo shamba ni la baba peke yake? Mama na ndugu zako wanajua kuwa ndilo mtaji wako? Benki ikipokea dhamana ya mali ya familia inataka ridhaa ya mwenza. Ongeeni mapema, kwa heshima, wote mkiwa hai na mna afya. Mashamba mengi ya huku yanakwamia hapo, si kwenye fedha.

Mwana wa Naliendele

Asanteni sana, sikutegemea majibu mazito hivi. Dada Mthamini, nikisoma uthamini nitapataje ujuzi wa gharama za ujenzi anaousema kaka?

Dada Mthamini, Lindi

Shahada ya uthamini inakugusisha ujenzi na gharama zake, lakini haikufanyi mkadiriaji, na huhitaji kuwa mkadiriaji. Utamlipa aliyesomea. Uamuzi wa kununua ardhi au kuiacha huwezi kumlipa mtu akufanyie kila mara, huo uwe wako. Kwa hiyo mimi ningeweka Uthamini chaguo la kwanza, Ukadiriaji la pili, TIA la tatu, baada ya kusoma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kuona tahasusi yako inakubalika wapi. Likizo njoo ufanye mazoezi kwa vitendo halmashauri za huku. Ukimaliza, tafuta miaka michache kwenye shirika linalojenga kweli, kama Shirika la Nyumba la Taifa, ujifunze kwa miradi mikubwa kabla ya kugusa korosho za mzee.

Mkadiriaji Kusini

Ningebadilisha la kwanza na la pili hapo. Mkadiriaji mwenye akili atajifunza kuuliza nani atapanga. Mthamini asiyewahi kusimama saiti fundi atamzungusha na hatajua. Ila kuhusu Baba wa Shangani, nakubali kwamba lazima akae Mtwara kila likizo na kuzungumza na wapangaji.

Mpima

Kabla ya chuo chochote, kesho nenda na mzee ofisi ya ardhi ya manispaa mkaulize kama upande wenu wa Naliendele umeshachorewa mpango na umepangiwa matumizi gani. Ikiwa ni makazi, viwanda au eneo la umma, kila kimoja kinahitaji mtaji tofauti. Ukipata jibu lilete hapa, tuone linakupeleka kwenye kozi gani.