Eksteno ya 2TB haisomi kwenye laptopu, ndani kuna video za harusi za watu

MpigaVideo wa Sinza
Wakuu habari za mchana, naombeni msaada wa haraka. Nina eksteno (diski ya nje ya USB) ya 2TB, zile ndogo za kuingia mfukoni, ndo nahifadhia video zangu za kazi. Jana usiku nilikuwa nahamishia mafaili humo umeme ukakatika, na betri ya laptopu imekufa siku nyingi kwa hiyo vyote vikazima palepale. Umeme uliporudi nikachomeka, taa inawaka, nasikia kabisa inazunguka, Windows inatoa ule mlio wa kitu kimeingia halafu muda si muda mlio wa kitu kimetoka, inaingia inatoka hivyo hivyo na kwenye orodha ya diski haionekani. Leo asubuhi nikaipeleka kwa jirani, kwake ikaonekana kidogo ikaandika kwamba lazima niifomati ndo niweze kuitumia, nikachomoa fasta. Humo kuna sendoff na harusi ya watu wa Mbezi, na kadi za kamera zilisharekodiwa kazi nyingine. Nianzie wapi jamani?

kijana_wa_mbagala
Mkuu we fomati tu ila chagua ile ya haraka, halafu shusha softwea ya kurudisha data, mbona zinarudi. Mimi flashi yangu ilirudi vizuri tu.

Fundi Mitambo
Hapana kaka, tafadhali usifomati. Hata ile ya haraka inaandika orodha mpya ya mafaili juu ya ile ya zamani, na ile ndefu ndo balaa, tangu Windows Vista inajaza sifuri diski nzima, hapo hakuna softwea itakayokusaidia. Flashi ya nyimbo tunaweza kuijaribia, hii ni harusi ya watu, hairudiwi.

Anza na sikio. Iweke mezani, weka vidole juu yake halafu chomeka. Ukisikia mtetemo mdogo laini wa kuzunguka mfululizo, hiyo ni dalili njema. Ukisikia tak tak tak halafu inanyamaza, chomoa na usiiwashe tena, hicho ni kichwa cha kusomea kina shida na kila ukiwasha unazidi kukwangua. Hapo unatafuta wanaofanya kazi ya kurudisha data wenye chumba kisicho na vumbi, na mtu yeyote asikufungulie kifuniko dukani, kichwa kile kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko hata punje ya vumbi.

Kwa ulivyoeleza, inaingia inatoka, mimi nashuku pawa. Eksteno ndogo haina adapta yake, inakula umeme wa USB peke yake, na wakati wa kuanza kuzunguka ndo inakula zaidi. Poti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampia 500, ya 3.0 ni 900. Je unachomeka moja kwa moja au kupitia habu, kile kigawanyio cha poti za USB? Na waya ni ule uliokuja nayo?

MpigaVideo wa Sinza
Asante fundi. Tak tak hakuna, inatetemeka laini tu. Nachomeka kwenye habu kwa sababu laptopu imebaki na poti moja nzima, hapo kuna mausi na kisoma kadi pia. Waya wa kwanza ulipotea, huu nilinunua Kariakoo, mrefu kama mita moja na nusu hivi.

Fundi Mitambo
Basi tuanzie hapo. Tafuta waya mfupi, wenye kile kichwa kipana kilichobonyea katikati kama vichwa viwili vimeunganishwa, uingie ukakaza usichezecheze. Toa habu. Ukipata desktopu chomeka nyuma, kwenye poti zilizo kwenye madabodi yenyewe, zile za mbele zina kawaya kake ndani na nyingi zimechoka. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management, pale Windows inapoorodhesha diski zote, utuambie inaandika nini. Ikikuuliza Initialize, yaani kuiandaa kama diski mpya, bonyeza Cancel.

Dada wa Tabata
Samahani naingilia, kaka ilikuwa imefomatiwa NTFS au exFAT, ile mipangilio ya kuhifadhi mafaili kwenye diski? Nauliza kwa sababu wengi wa video tunaweka exFAT ili isome na kwenye Mac, na exFAT haina ile daftari ya kumbukumbu ya mabadiliko ambayo NTFS inayo, umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kuachwa nusunusu. Na mtu akikwambia endesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, usikubali kwanza, inarekebisha humo humo kwenye diski, faili zako unaweza kuzikuta zimegeuka FILE0000.CHK.

MpigaVideo wa Sinza
Ni exFAT dada. Nimepata waya mfupi kwa rafiki, nimechomeka nyuma ya desktopu ya ofisini kwake, haitoki tena! Imetulia. Disk Management inaonyesha 1863 GB halafu imeandika RAW.

Fundi Mitambo
Vizuri sana, hiyo 1863 ndo 2TB yako nzima, Windows inahesabu kivyake. Maana yake diski yenyewe inasomeka, kilichoumia ni mpangilio wa mafaili, ndo maana Windows inaandika RAW, haiutambui. Sasa azima diski nyingine ya ukubwa huo au zaidi, washa Linux kutoka kwenye flashi, unakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye matatizo. Kagua mara mbili ipi chanzo ipi pa kunakilia, ukizigeuza umefuta kila kitu. Ikimaliza, weka ya zamani pembeni, fungua nakala kwa TestDisk, programu ya kurudisha mpangilio wa diski, ujaribu kuona mafolda. Ikigoma ndo PhotoRec, inayotafuta mafaili moja kwa moja bila kutegemea mpangilio, ila hiyo inaleta video bila majina, na video ndefu zilizokaa vipandevipande zinaweza kutoka mbovu.

MpigaVideo wa Sinza
Fundi, dada, Mungu awabariki. Nakala imeisha alfajiri bila sekta mbovu hata moja, TestDisk imeonyesha mafolda yote kwa majina yake. Harusi nimeikopi na inacheza mpaka mwisho. Sendoff faili moja tu halifunguki, ni lile lililokuwa linahama umeme ulipokatika.

Dada wa Tabata
Hilo usilitafute kwenye eksteno, angalia kwenye laptopu. Kama ulikuwa unahamisha na siyo kukopi, Windows haifuti la asili mpaka jipya liishe kuandikwa.

MpigaVideo wa Sinza
Lipo! Asante sana dada yangu. Nakopi sasa hivi kwenye diski mbili.