Mama ana kisukari, tangu Machi hatoki nje, sasa hataki kula. Mliouguza mnafanyaje?

BintiRungwe (Tukuyu), Julai 2020

Habari zenu wanajamvi. Namuuguza mama yangu, ana kisukari na presha, anachoma insulini, na mguuni ana kidonda kisichokauka. Shule zilipofungwa Machi nilizuia wageni, maana corona inawaelemea zaidi wazee wenye maradhi kama yake. Ndoo na sabuni viko mlangoni. Nikitoka sokoni nabadili nguo kabla ya kumsogelea.

Mama ni mtu wa watu. Alikuwa na kwaya ya akina mama, ibada, na jioni majirani wanachambua naye maharage wakiongea mpaka giza. Sasa analala uso ameugeuzia ukuta. Juzi kaniuliza, "Mimi nina ugonjwa gani mpaka watu waniogope?" Nikamwambia sisi ndio tunaoweza kumletea ugonjwa, si yeye. Akanyamaza. Tangu shule zifunguliwe tarehe 29 Juni wajukuu nao hawapo mchana, na mtaani watu wanaona yamekwisha, kwa hiyo naonekana namfungia mama makusudi. Shangazi kanisema mbele ya watu. Wiki hii mama anaonja uji vijiko viwili, anasukuma bakuli.

Na mimi silali, nashtuka usiku kusikiliza kama anapumua. Biashara ya ndizi nimeiacha. Kaka zangu wanapiga simu kutoka Dar kuuliza sukari imesoma ngapi, basi. Nikiwa naosha kidonda machozi yananitoka tu.

Muuguzi_Uyole

Pole sana mdogo wangu. La haraka kwanza: mtu anayechoma insulini asipokula, sukari inaweza kushuka ghafla. Ukiona jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa au ukali usio wake, pima hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, mpe maji ya sukari au juisi, upime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Dozi usiibadilishe mwenyewe, piga simu kliniki yake leo.

Ukipiga, waeleze pia huko kunyamaza na kukataa chakula. Wagonjwa wa kisukari hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kuliko watu wengine, na hali hiyo ikikaa wiki mbili mfululizo si uzee wala deko, inatibika. Na wewe ukifika kliniki sema habari ya usingizi wako. Usingoje waulize.

MtuWaImani

Dada, corona imeisha. Mrudishe mama kanisani, atapona moyo.

Mufindi_Kwetu

Kamwene dada. Nilimuuguza baba aliyepooza. Ndani kanisani kumejaa watu, mimi nisingempeleka, ila kumfungia chumbani nako kulikuwa kunammaliza. Tulihamishia kiti chake nje, jua likishapanda, maana baridi ya huku mwezi huu mnaijua. Mgeni anakaa benchi la ng'ambo ya ua na barakoa yake, hakuna kushikana mikono. Baba aliwaambia wageni mwenyewe sheria hiyo, na hapo ndipo alipoacha kuona anatengwa. Mama yako mpe maharage yake achambue, na majirani wachambue ya kwao upande wa pili.

Kaka zako usiwaombe hela, waombe zamu. Mmoja aje, akae kwanza chumba cha nje siku 14, kisha aoshe kidonda yeye, wewe ulale.

BintiRungwe

Asanteni, ndaga fijo. Nilipima baada ya kusoma, ikasoma 3.6, nikampa maji ya sukari ikapanda. Kliniki wamesema nimpeleke kesho asubuhi, foleni ikiwa bado fupi. @MtuWaImani, nakuheshimu, lakini akiugua mimi ndiye nitakayekuwa naye usiku. Jana alasiri wawili wa kwaya walikaa uani, mama akawakosoa sauti ya pili waliyokuwa wanaikosea. Uji bado hajaumaliza. Kaka mkubwa nimemwambia suala la zamu, amesema atanijibu Jumamosi.