Septrin kila siku na siumwi?

Fundi Randa:
Wakuu, naomba msaada. Mimi seremala, Mbagala. Mwezi uliopita nimeanza TLD, kidonge cha VVU, na CD4, yaani askari wa kinga kwenye damu, ilisoma 164. Pale CTC, kliniki ya VVU, wameniongezea Septrin za kila siku, na tarehe ijayo wanasema naanza dawa ya kinga ya TB. Siumwi, mbao nabeba mwenyewe. Kikohozi ni cha vumbi la mninga tu. Septrin si ndiyo ile ya kununua duka la dawa ukiharisha? Halafu kopo la dawa linalia kama njuga begini, kwenye daladala naona kila mtu kanijua.

Bibi Mchele:
Mwanangu, kopo tia pamba, litanyamaza.

Mimi 2009 nilikuwa na CD4 tisini na kitu. Septrin nikazifungia kabatini, naona vidonge vimezidi. Ilianza kwenye ngazi: nikifika ghorofa ya kwanza nashika ukuta. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, homa jioni. Makohozi wakapima, TB hakuna. Ikafika nalala nimekaa, mto mgongoni. Nilipolazwa ndipo nikaambiwa PCP, nimonia inayoletwa na kuvu. Kumbe huyo tunamvuta karibu wote tangu utoto, mwenye kinga hamwoni. CD4 ikienda chini ya 200 anapata nafasi. Na unajua walinitibu kwa nini? Septrin hiyohiyo, rundo kwa siku, siku 21, na oksijeni puani. Wewe unalalamikia vidonge viwili vya miligramu 480.

Jirani wa Temeke:
Si za maisha lakini. Mimi CD4 ilipita 350, virusi havionekani, daktari mwenyewe akanisimamishia. Usijisimamishie.

Nesi Mstaafu:
Bibi kamaliza la Septrin. Naongeza: ukitoka vipele, au malengelenge mdomoni, acha na urudi kituoni siku hiyohiyo, kuna dawa mbadala.

Ya TB: isoniazid ni kila siku miezi 6, pamoja na vitamini B6 miguu isiwake moto. Vituo vingine wanatoa ya mara moja kwa wiki, dozi 12. Pombe weka kando. Macho yakiwa ya njano au mkojo kama chai ya rangi, usingoje tarehe.

Ila fundi, umeandika kikohozi. Kabla ya dawa hiyo utaulizwa manne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Moja tu likiwepo, unapimwa TB kwanza. Ukiwa nayo ukapewa isoniazid peke yake, wadudu wanazoea dawa. Kina muda gani?

Fundi Randa:
Shikamoo Bibi. Nesi, wiki ya tatu sasa. Na mkanda nimeutoboa tundu jipya, nikasema ni kazi. Pale niliwajibu sina. Kesho asubuhi naenda, mbao zitasubiri.

Bibi Mchele:
Marahaba. Funika mdomo ukikohoa, na dirisha la chumba acha wazi, wanao wanalala humo.