Wakongwe wa maigizo kama Mzee Small: serikali iwape pensheni, au kila mtu ajitegemee?

Mwana wa Shangani
Wadau, habari zenu. Kijiweni Chikongola, hapa Mtwara, vijana wa bodaboda walikuwa wanapokezana simu wanaangalia vichekesho vya zamani vya Mzee Small. Wanavunjika mbavu, na wengine walikuwa watoto wadogo alipofariki. Roho iliniuma. Said Ngamba, ndilo jina lake halisi, mtu wa Kilwa, aliugua kiharusi, akafia Muhimbili tarehe 7 Juni 2014, na mpaka leo anachekesha. Kapita jukwaani, kapita kwenye televisheni, kwenye kanda, kwenye CD, sasa yupo mitandaoni. Anayepandisha hizo video anaingiza hela. Familia yake sijui kama inapata hata ya vocha.
King Majuto, mchekeshaji mwenzake, naye tuliona alivyougua 2018. Akatibiwa India, akalazwa Muhimbili, mpaka waziri wa wakati ule, Dk. Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti mzee akatutoka.
Nauliza: mtu aliyeigiza miaka thelathini au arobaini, serikali impe pensheni au la?

Korosho Ghafi
La. Naandika kutoka Tandahimba. Baba yangu kapulizia salfa mikorosho toka ujana, kifua kimeisha, hana pensheni. 2018 serikali ilisema inanunua korosho yetu kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba, na wapo waliosubiri malipo mpaka msimu mwingine ukaingia. Leo nikatwe kodi nimlipe mchekeshaji? NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea wachangiaji wa hiari. Wangechangia wakati hela ipo.
Halafu tuache kupamba. Kwenye maigizo ya nchi hii mtu wa Kusini ni mlinzi wa geti basi. Anavaa koti kubwa, anasema "nnango" kwa lafudhi ya Kimakonde, watu wanacheka. Cha kujivunia hapo nini?

Somo wa Mikindani
Wewe Korosho Ghafi, hayo ya pensheni sikujibu. Nakujibu hilo la mlinzi. Mume wangu kalinda geti Dar es Salaam, Masaki huko, na kwa koti hilo hilo watoto wamesoma. Ulivyoandika "mlinzi wa geti basi" umemtukana nani? Aliyeandika mchezo au aliyeshika rungu?

Korosho Ghafi
Mama, sijamtukana mumeo. Nimesema tunavyoonyeshwa.

Somo wa Mikindani
Umeandika "basi". Rudi ukasome.

Mngindo Halisi
Samahani wakubwa. Kabla hamjafika mbali, Mzee Small ni wa Kilwa. Kilwa ni Lindi. Naona Mtwara mmeshaanza kumgawana.

Mwana wa Shangani
Mngindo, hapo juu nimeandika mtu wa Kilwa. Nani kamgawana?

Chuno Mjini
Mkoa wa Lindi wenyewe ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Small kazaliwa miaka ya hamsini. Piga hesabu mwenyewe alizaliwa wapi.

Mngindo Halisi
Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake mwenyewe wakati Mtwara ni pori. Kazi ya kupiga hesabu nakuachia wewe.

Mzee wa Ligula
Vijana, punguzeni moto. Hoja ya pensheni na hoja ya mlinzi zote nzito, mnazimaliza kwa mipaka ya mikoa.
Mimi nimeshughulika na mikataba, hivyo nianzie hapo. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hilo neno hakishiriki ndilo linalomhusu mwigizaji. Sheria inamtambua kwamba hata kama hakuandika mchezo wala kutoa mtaji, uigizaji wake ni mali. Tatizo lipo kwenye karatasi anayosaini. Zama za CD mtayarishaji alikwenda Kariakoo akauza masta, yaani nakala mama, na haki zote kwa msambazaji, kwa bei moja. Mwigizaji alikuwa ameshalipwa kwa sini au kwa filamu nzima, akapanda basi akarudi kwao. Filamu ikiuzwa mwaka mmoja au miaka ishirini, kwake ni sawasawa. Kwa hiyo pensheni kwangu ni kutibu homa. Ugonjwa uko kwenye kuuza jumla.
Na wanaoumia zaidi si steringi. Steringi ana jina, atapata tangazo, atafungua duka. Anayeumia ni yule unayemjua sura hujui jina lake. Baba mkwe, mganga, mjumbe wa nyumba kumi, daktari anayesema "tumejitahidi". Huyo kaigiza filamu nyingi kuliko steringi, kwa sababu kila filamu inamhitaji, na kila filamu inamlipa kidogo.

Korosho Ghafi
Mzee shikamoo. Hapo nakuelewa. Lakini aliyesaini ni yeye. Hakuna aliyemshikia bunduki.

Dada wa Jukwaa
Wacha niongee, maana naona mnatusemea.
Mimi ni mwigizaji. Nimeanza na vikundi vya hapa Mtwara, michezo ya kuhamasisha, ukimwi, maji safi, uzazi wa mpango. Tulikuwa tunaigiza sokoni juu ya lori, malipo ni posho na soda. Baadaye likaja kundi kutoka Dar es Salaam kupiga filamu huku. Wakataka watu wa hapa hapa wa nafasi ndogo ndogo. Nikaenda na kaka mmoja ambaye kwa kweli kwenye jukwaa hakuna wa kumgusa. Alikuwa amejiandaa kwa nafasi ya mwalimu, skripti kaimeza yote. Dairekta akamwangalia, akamwambia msaidizi wake alete koti na rungu. Kaka kavalishwa koti hata jina hajaulizwa. Akaambiwa, "Ongea kama kwenu." Akaongea Kiswahili chake cha kila siku. "Hapana, ongea kama kwenu!" Akarudia vile vile. Mara ya tatu akawapa hiyo "nnango" waliyokuwa wanaitaka. Watu wa kamera wakacheka mpaka sini ikarudiwa.
Kalipwa siku hiyo hiyo, kasaini kijitabu cha risiti, ndio mkataba wenyewe huo. Nguo za ndani ya koti zake, viatu vyake, nauli yake. Filamu imetoka, kipande chake ndicho kinachozunguka kwenye simu za watu.
Sasa Korosho Ghafi unasema hakushikiwa bunduki. Ni kweli. Alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani.

Somo wa Mikindani
Umesikia Korosho Ghafi? Ndio maana nimekwambia ukasome ulichoandika.

Korosho Ghafi
Mama, dada kasema kitu kile kile nilichosema mimi! Kwamba mtu wa Kusini anapewa koti na rungu. Mbona yeye humsemi?

Somo wa Mikindani
Yeye kasema kwa uchungu. Wewe umesema kwa aibu. Unaona haya lafudhi ya mama yako.

Korosho Ghafi
Hapo umenivunjia heshima. Mama yangu ni Mmakonde wa Newala, na kila siku naongea naye Kimakonde. Nisichotaka ni mtu asiyejua hata Newala iko wapi aiuze sauti ya mama yangu kwa kicheko. Ukiita hiyo aibu, basi hatujuani.

Kijana wa Masasi
Hayo ya kuona haya lafudhi ni mambo ya zamani. Harmonize, Mmakonde, kaja na jina la Konde, nchi nzima inaimba. Leo kijana wa Dar anataka kuitwa Konde.

Chuno Mjini
Harmonize ni mwanamuziki. Tunazungumza waigizaji. Usichanganye.

Kijana wa Masasi
Sichanganyi. Yeye jina kajipa mwenyewe, yule kaka kavalishwa koti. Tofauti ndio hiyo.

Mngindo Halisi
Kijana wa Masasi, hilo nakuunga mkono, ingawa wewe ni Mtwara.

Mwana wa Shangani
Ndugu zangu, mada ni pensheni.

Mzee wa Ligula
Mwana wa Shangani, mada imeshahama na mimi sioni ubaya. Nitaongeza jambo moja. Watu wanadhani uigizaji huku kwetu umeletwa na televisheni, na televisheni yenyewe Bara imeanza 1994. Midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ilikuwepo kabla. Mtu anavaa kinyago, anaingia uwanjani, anatembea kama kikongwe au kama mwanamke aliyenuna, hata mabega yanabadilika. Kijiji kizima kinamjua ni nani na hakuna anayethubutu kumtaja. Ule ni ufundi. Anayejua kubadilisha mabega hahitaji kuharibu maneno ili achekeshe. Nikimwangalia Mzee Small, kinachonichekesha ni namna anavyomtazama mtu kabla ya kumjibu. Hajasema kitu bado, na mimi nimeshacheka. Ufundi kama huo haupatikani kwa mwaka mmoja, ndio maana bei ya siku moja haiwezi kuulipa.

Dada wa Jukwaa
Asante mzee. Kule kutazama kabla ya kujibu tunaita kushika pumzi ya watu. Ukiiachia mapema umeharibu, ukichelewa wameshageuka kuongea na jirani. Nimejifunza kwa miaka, na bado siku nyingine inanikimbia.

Korosho Ghafi
Dada, naomba nikuulize kwa heshima. Wakija tena na koti na rungu, utamshauri kaka yule akubali?

Dada wa Jukwaa
Akubali. Mlinzi ni mtu, na mume wa Somo ni mlinzi. Lakini kwanza amuulize dairekta mlinzi huyu anaitwa nani, ametoka kijiji gani, usiku anawaza nini akiwa peke yake pale getini. Kama hawana jibu, awape la kwake. Lafudhi aweke ile anayoongea kweli, isiyotiwa chumvi. Atachekesha tu, namjua. Na kwenye karatasi kuwe na mstari unaosema kipande kikiuzwa tena au kikipandishwa mtandaoni, na yeye anapata fungu.

Somo wa Mikindani
Mume wangu usiku anawaza ada. Muandikeni hivyo hivyo.

Korosho Ghafi
Mimi pensheni bado siungi mkono, na sitaunga mpaka mkulima aipate. Hilo la fungu naliunga. Ila huo mstari watamwandikia nani? Hao wenye kamera? Wakimwambia hakuna mstari, apande basi arudi kwao, atafanya nini?

Mzee wa Ligula
Mstari anaandika yeye. Anipigie, aje na karatasi yao tuisome pamoja, sitozi kitu. Ila aje kabla hajasaini. Wengi wananijia wameshasaini.

Dada wa Jukwaa
Mzee, karatasi yenyewe huwa wanaitoa jioni, gari lao likiwa linaunguruma, taa zimeshafungwa. Unasaini juu ya boneti.

Mzee wa Ligula
Basi aiombe asubuhi, kabla hajavaa koti. Wakishampiga picha ya kwanza, kudai kunakuwa kugumu.

Korosho Ghafi
Asubuhi watamwambia karatasi iko kwa meneja, na meneja yuko Dar.