Tupeane uzoefu: mliowahi kuuzunguka mji wa zamani wa Lisbon kwa miguu

Mleta mada

Habari zenu wadau. Naomba uzi huu uwe wa wale waliofika Lisbon, Ureno, wakaitembea kwa miguu mitaa ya zamani ya Alfama, Mouraria, Baixa na huko juu ngomeni. Nimerudi juzi juzi na kichwa bado kimejaa, naanza mimi halafu na nyie mmwage mliyoyaona.

Nilianzia pale Sé, kanisa kuu. Walianza kulijenga baada ya Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kuuteka mji mwaka 1147 kutoka kwa watawala wa Kiislamu, na wakalijenga palepale ulipokuwa msikiti. Kutoka hapo ni kupanda tu. Alfama ni vichochoro na ngazi, kona, ngazi tena, aliyekulia Mji Mkongwe Zanzibar atajiona yuko kwao kwa jinsi nyumba zilivyobanana, kuna sehemu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na bibi mmoja yuko dirishani anapiga stori na jirani wa upande wa pili wala hapazi sauti.

Kilichonishika ni namna unavyoliona tetemeko la 1755 kwa miguu yako. Ilikuwa tarehe 1 Novemba, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika, bahari ikafuata, halafu moto ukala mji kwa siku kadhaa. Baixa yote ikaenda. Alfama imekaa juu ya mwamba, sehemu kubwa ikapona. Sasa wewe shuka taratibu kutoka Sé kwenda Baixa, dakika chache tu, vichochoro vinaisha ghafla unajikuta kwenye mitaa mipana iliyonyooka inayokatana kwa pembe sawa, huo ndio mji uliojengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, na ndani ya kuta za nyumba zake kuna fremu ya mbao iliyofichwa ili siku ardhi ikitikisika tena nyumba icheze bila kuanguka. Ukipanda ng'ambo ya pili kuna Convento do Carmo, kanisa ambalo paa halikurudishwa mpaka leo, unasimama katikati matao yako juu yako halafu ni mbingu. Ndani ya gari unaona majengo mazuri tu. Ukitembea, magoti yenyewe yanakwambia umetoka karne gani umeingia karne gani.

Haya, nani anafuata?

Mmatumbi wa Pwani

Mkuu umenigusa. Mimi kwetu ni Kilwa, na nilikwenda Lisbon kwa kitu kimoja: dhahabu yetu.

Kwa wasiojua, mwaka 1502 Vasco da Gama kwenye safari yake ya pili alitia nanga Kilwa, akatishia kuuangamiza mji, mpaka mtawala wa pale, Amiri Ibrahimu, akakubali kumlipa mfalme wa Ureno ushuru wa dhahabu. Dhahabu ile ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikashuka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na utajiri wa Kilwa ulisimama juu ya biashara hiyo. Da Gama akarudi nayo 1503, mfalme Manuel I akaagiza itengenezwe monstransi, kile chombo cha kuwekea Ekaristi wakati wa kuabudu. Ikakamilika 1506. Inaitwa Custódia de Belém na ipo Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, kutoka kituo cha treni cha Cais do Sodré unatembea tu kuelekea magharibi.

Sikiliza sasa. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka kioo, nyuso zao unazitofautisha moja moja, rangi za kuchoma bado zinang'aa. Halafu inama uangalie chini kwenye kitako. Kuna maandishi yanazunguka, yanasema mfalme aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Wameandika QILVA. Jina la kwetu, kwenye dhahabu, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuangalia kama niko sawa. Nilikuwa na hasira na fahari kwa wakati mmoja, na sioni sababu ya kuchagua moja. Mswahili yeyote akifika Lisbon asiondoke bila kuiona, nasema kwa moyo wote.

Dada wa Rotterdam

Shikamoo kaka Mmatumbi, umeniliza.

Mimi naongeza Largo de São Domingos, uwanja wenye kanisa la jina hilohilo, pale karibu na Rossio. Wengi wanapita haraka kwenda kunywa ginjinha, ile pombe tamu ya cheri. Simameni. Kwenye kanisa lile ndipo yalipoanzia mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, Aprili 1506, mwaka uleule monstransi ya kina Mmatumbi ilipokamilika. Nje kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Ukiingia ndani utashtuka, kanisa liliungua 1959 na walipolikarabati makovu waliyaacha, nguzo zimebabuka na kumeguka, ukipitisha kiganja unahisi mashimo ya moto.

Na hapohapo nje ndiyo kijiwe cha Waafrika. Wamama wa Guinea-Bissau wamekaa na vibeseni vyao, karanga, kola, samaki wakavu, wanaume wamesimama makundi makundi wanapeana habari za nyumbani. Si jambo la leo, udugu wa Wakatoliki weusi wa Mama wa Rozari ulikuwa na makao kwenye kanisa hilohilo karne nyingi nyuma, wakiwemo watumwa na walioachwa huru. Nilimsalimia mama mmoja kwa Kireno changu cha kuokoteza, akanipa karanga kiganjani akakataa hela. Ukitoka hapo nenda Martim Moniz uingie Mouraria, tafuta chamuça, ni sambusa kabisa, pilipili ipo.

Fundi Seremala

Mimi kwa kifupi: VIATU. Yale mawe meupe ya chokaa waliyotandaza njia nzima yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza, mvua ikinyesha ndiyo balaa. Vaeni raba yenye soli inayoshika. Na tramu namba 28 ina wezi wa mfukoni, mimi simu yangu iliondoka nikiwa nimebanwa kwenye msongamano sikuhisi chochote. Njia yake ifuateni kwa miguu, mtaona zaidi.

Mzee wa Kariakoo

Wapenda mpira msisahau, nyuma ya Alfama kuna Panteão Nacional, jengo wanakozikwa watu mashuhuri wa Ureno, lile kuba jeupe linaloonekana kila kona. Mwanasoka Eusébio amelazwa humo tangu 2015. Kijana aliyezaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, yuko jengo moja na marais. Mkienda siku ya Jumanne au Jumamosi mtakuta mnada wa Feira da Ladra palepale nje, vitu vya mitumba vimetandazwa chini, vigae vya zamani, sarafu, picha za askari wa Kireno wakiwa Msumbiji na Angola. Hizo picha mimi nilishindwa kuzipita, nilizichambua moja moja nikitafuta angalau mmoja ameandika nyuma jina la Mwafrika aliyesimama pembeni. Sikupata.

Binti Tanga

Wakubwa shikamooni. Naomba kuuliza, nataka kwenda na mama yangu, umri umesogea na magoti yanamsumbua. Kwa ngazi hizo mnazosema ataweza kweli?

Dada wa Rotterdam

Marahaba mdogo wangu. Ataweza ukipanga vizuri, siri ni kushuka badala ya kupanda. Baixa, mtaa wa Rua dos Fanqueiros, kuna lifti ya bure ndani ya jengo, inawatoa Rua da Madalena, mnavuka mnakuta lifti ya pili Chão do Loureiro inawapandisha karibu na ngome. Kutoka huko shukeni polepole mpaka Portas do Sol na Santa Luzia, kuna mabenchi na mto Tagus wote uko mbele yenu, na pale ukutani Santa Luzia muonyeshe mama vigae vya bluu vyenye picha ya uwanja mkubwa wa mtoni ulivyokuwa kabla ya tetemeko. Kama mnaweza nendeni Juni, usiku wa tarehe 12 ni mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Alfama nzima wanachoma dagaa wakubwa mlangoni, mama atapata kiti kwa mtu yeyote. Ila epukeni Jumatatu, museum nyingi zinafungwa, na ile monstransi lazima aione.

Mmatumbi wa Pwani

Binti Tanga, mkifika mbele ya kioo msomee mama yale maandishi kwa sauti.