Wakuu naombeni ushauri: ndege ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia inaruka Jumapili, roho yangu haijatulia

Mtoto wa Fundi: Wakuu habari za usiku. Niko Uingereza mwaka wa tano, katikati ya wiki napiga kazi gereji ya magari, wikendi najitolea kwenye makumbusho ya ndege za zamani ambazo bado zinaruka. Jumapili kuna maonyesho na Avro 504K yetu ipo kwenye ratiba, injini ni Le Rhône ya silinda tisa, ina zaidi ya miaka mia. Fundi mkuu anasema iko fiti. Mimi roho haijatulia. Mtu wa kujitolea anaweza kusimamisha ndege bila kuonekana mjuaji?

Kilosa Express: Hongera mkuu. Hizo nafasi za kujitolea mnaombaje? Mdogo wangu yuko Leicester hana ishu.

Mjukuu wa Kibarua: Umenikumbusha mbali sana. Babu mzaa mama alikuwa kibarua Nairobi enzi za Wilson Airways, lile shirika la ndege aliloanzisha mama Florence Kerr Wilson 1929, kazi yake kusukuma ndege ziingie ndani mvua haijanyesha, zilikuwa za mbao na kitambaa zile, basi hadi uzee wake akisikia radi tu anasimama.

Spana 17: Jamaa mnamwacha. Roho haijatulia kwa nini? Umeona nini?

Mtoto wa Fundi: Silinda moja, chini kabisa inapoingia kwenye kitovu cha injini. Nilipuliza ule wino mwekundu wa kutafutia ufa, nikafuta, nikapuliza unga mweupe, nikasubiri. Ukatokea mstari mwekundu mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Na injini hii huzunguka yote pamoja na propela. Ila inawezekana ni mkwaruzo tu.

Spana 17: Fundi mkuu kauona?

Mtoto wa Fundi: Hapana. Niliufuta. Na karatasi ya ukaguzi nimeshasaini. Msinihukumu jamani, silinda hiyo haiuzwi dukani, ni kuchonga upya na miezi inakatika, na watu wanalipa kiingilio waione ikiruka, hela hiyo ndiyo inalisha ndege zote pale. Nilipanga nimwambie Jumatatu.

Dada Mwanahawa: Jumatatu! Kaka, Avro hiyo ina viti viwili. 1931 pale Voi, Kenya, Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza, alianguka na ndege yake ya Gipsy Moth, wameandika vitabu juu yake. Aliyekufa naye ni Kamau, mtumishi wake, nani anakijua hata kijiji chake? Wa kiti cha pili huwa haulizwi.

Kifimbo: Hii chai wadau. Injini izunguke yote, petroli ipite wapi? Na nimesikia eti wanatia mafuta ya nyonyo. Si ndiyo bibi alitunywesha shule zikikaribia kufunguliwa?

Mtoto wa Fundi: Siyo chai mkuu. Krankshafti, ule mhimili wa katikati ya injini, imefungwa kwenye bodi haizunguki, zinazozunguka ni silinda zote tisa na propela, mara zaidi ya elfu moja kwa dakika, ndivyo zinavyojipoza. Krankshafti ina tundu, petroli na hewa vinapita humo. Nyonyo inatumika kwa sababu haichanganyiki na petroli, ikishapita inatupwa nje, yote inamrukia rubani. Mke wangu ananisikia harufu kabla sijagonga mlango.

Kifimbo: Basi nimekuelewa, samahani. Sasa silinda yenye ufa unaizungusha mara elfu kwa dakika, ikichomoka inaenda wapi?

Mtoto wa Fundi: (saa kumi na moja alfajiri) Nimekuja makumbusho sasa hivi. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye propela, alama kwamba isirushwe. Fundi mkuu anafika saa mbili. Karatasi niliyosaini ninayo mfukoni.

Spana 17: Irudishe kwenye faili kaka. Halafu puliza wino upya, yeye akiwa amesimama hapo hapo.