Naomba ushauri: gari linapanda temperecha likisimama, joto la jangwani

Habari zenu wakuu. Gari langu linashinda jangwani, mchana joto linapita nyuzi 45 na vumbi halina likizo. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Nikiwa kwenye mwendo mshale wa temperecha umetulia. Nikisimama kwenye foleni na AC imewashwa, unaanza kupanda. Nikiondoka tu, unashuka. Rejeta haivuji, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ipo kwenye alama, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Fundi anataka tung'oe thamostati (valvu inayofungua njia ya kulanti kwenda rejeta injini ikipata moto) kabisa. Sijamkubalia, maana dalili hizi naona ni za upepo kutopita vya kutosha gari likisimama. Nashuku feni, au mapezi (vibati vyembamba vya kupitisha upepo) ya rejeta na ya kondensa ya AC iliyo mbele yake yamejaa mchanga (ukimulika tochi huoni upande wa pili). Nianze kupima kipi? Na nikiyaosha kwa maji ya presha si yatapinda?

Betri nayo, mchana injini ikiwa imechemka inasuasua kuwasha, na vichwani kuna unga mweupe. Ndiyo joto limeshaimaliza, au nisafishe kwanza vichwa nione?

Matairi napima upepo asubuhi yakiwa baridi, nafuata kibandiko cha mlangoni. Kuna jamaa wanasisitiza niupunguze mchana. Mimi najua tairi lenye upepo mdogo ndilo linalochemka zaidi, au nimekosea?

La mwisho, eya klina (chujio la hewa ya injini) kwenye vumbi hili mnabadilisha kila baada ya kilomita ngapi? Kuipuliza kwa kompresa naogopa kuitoboa.